Mwaka Nilipomsamehe Mama Kahindo

Wiki iliyopita nilitoka Butembo kwenda Beni kumzika Mama Kahindo, na tangu nirudi chakula hakipiti. Binti zangu wanadhani ni uchovu wa safari. Wamenichemshia majani, wamenikanda mgongo, wameniambia mama, barabara ile ya siku hizi si ya umri wako, na mimi nimewaacha waseme. Mgongo wangu hauna neno. Ninachoumwa ni mwaka mmoja nilioishi kwa marehemu nikiwa na miaka ishirini na saba. Mwaka huo nimeusimulia mara nyingi mezani, watu wakacheka, na kila mara nimeukata katikati, nikaomba chumvi, nikaanza habari nyingine. Leo nitaufikisha mwisho. Alinizaa nani, nilisoma wapi, babu alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo waulizwe wengine. Mimi naanzia pale pikapu ilipokosa freni.

Pikapu ilikuwa yangu. Nivumilieni nijisifu kidogo, maana wakati ule mwanamke mwenye gari lake mjini Butembo alikuwa anaoneshwa kwa kidole, na si kwa wema kila mara. Nilianza na magunia mawili ya viazi kutoka Masereka, nikiyapakia juu ya magari ya watu, na baada ya miaka sita ya kujinyima hata sabuni nzuri nikanunua pikapu kuukuu na kiwanja kidogo, hiki ninachokalia sasa. Dereva wangu aliitwa Kakule, kijana mpole. Jumamosi moja aliniambia kanyagio la freni linazama sana, twende kwanza kwa fundi. Nikamjibu viazi vikioza atanilipa yeye? Ndivyo nilivyokuwa, mdomo mbele. Jumapili asubuhi, wakati Wakristo wenzangu walipokuwa kwenye misa, sisi tulikuwa tunateremka komine ya Ruwenzori, mtaa mmoja wa Beni, na kanyagio likazama moja kwa moja, halikurudi. Kakule alipiga honi mpaka mwisho. Tuliacha barabara, tukavunja ukuta wa chumba cha mbele cha nyumba moja, tukasimama juu ya mashine ya kusaga unga.

Hakufa mtu, kwa sababu wenye nyumba na wateja wao wote walikuwa kanisani. Nimemshukuru Mungu kwa hilo maisha yangu yote. Lakini mashine ilipasuka, mabati yalilalia mabeseni ya mihogo ya watu, na viazi vyangu vilimwagika juu ya unga na vumbi la matofali. Watu walianza kujaa. Kwetu watu wakijaa, dereva hukimbia kwanza, maswali baadaye, kwa hiyo nilimwambia Kakule kimbia, akakimbia. Mimi nilibaki nimekaa chini, damu inanitoka puani. Ndipo akaja mwenye nyumba, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mjane, amevaa kikwembe cha Jumapili, rozari bado mkononi. Huyo ndiye Mama Kahindo. Alitazama ukuta, akatazama mashine, akanitazama mimi. Nilikaza shavu nikingoja kofi.

“Ulisha kunywa chai?” akaniuliza.

Sisi Wanande tuna jambo ambalo mtu hafundishwi, analikuta nyumbani. Ukivunja cha mwenzako, jua lisizame hujaenda kwake kusema ni mimi. Hungojei polisi, hungojei karatasi. Unanunua mbuzi, unaipeleka kwenye kyaghanda, yaani baraza ya wazee wa mahali pale, unasema neno lako mbele ya watu, wanachinja, mnakula pamoja. Mkishakula, neno limefungwa: wewe huwezi kuruka ulichosema, na wao hawakugusi. Alasiri ile ile niliuza viazi vilivyobaki vizima kwa bei ya kutupa, nikanunua mbuzi dume, nikaenda peke yangu. Aliyeongoza baraza ni Paluku, shemeji wa Mama Kahindo, mdogo wa marehemu mume wake, mtu mkavu mwenye macho ya kuhesabu. Nilisimama mbele yao na kikwembe chenye damu.

“Njo mimi,” nikasema. “Gari ni yangu. Nitalipa yote, hata musumari.”

“Yote?” Paluku akauliza.

“Yote, baba.”

Aliandika katika daftari la shule, nikatia sahihi, watu wawili wakatia kidole. Tukala mbuzi kwa bukari, ugali wetu wa mihogo, na nilipokuwa nalamba vidole nilijisikia safi kama mtu aliyetoka kuungama. Habari za kanyagio sikuzisema. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuona sababu ya kuongeza kuni kwenye moto.

Siku ya pili nilikwenda ofisi ya bima, maana gari lilikuwa na bima, nililipia kila mwaka na kuibandika karatasi yake kwenye kioo kwa majivuno. Mkaguzi wao alikuwa mtu wa Kasai, ametumwa Beni miaka miwili iliyopita, mke na watoto amewaacha kwao. Alivaa koti katika joto lile, na Kiswahili chake kilikuwa nusu Kilingala nusu Kifaransa. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye mbuzi. Hapo akaweka kalamu chini.

“Pardon. Ulienda kusema kwamba ni wewe?”

“Njo desturi yetu, papa.”

“Mama na nga, ku assurance mutu hapana sema ‘njo mimi’. Jamais! Mutu anasema: gari iligonga. Basi, ananyamaza.” Akafungua mkataba wangu, akanionesha mstari kwa kidole. “Sisi tutalipa mpaka fasi contrat inafika, et puis tunasimama. Hii hasara inapita sana. Ile inabakia tungeweza kubishana, tungetafuta makosa ya ule mama, tungepunguza. Mais wewe ulisha andika. Donc ile inabakia ni yako, na ba mbuzi yako.”

Mdomo uliponza kichwa, nao ulikuwa mdomo wangu mwenyewe. Wataalamu walipokwisha kupima, ilionekana kwamba ukiigawa hasara katika mafungu matatu, bima ingebeba moja na kusimama, kama alivyosema. Mafungu mawili yalikuwa ya kwangu. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi ile, na haikuwa hesabu ngumu. Kuyalipa ilibidi niuze pikapu na kiwanja, vyote viwili, na kurudi kusimama kando ya barabara ya Masereka na magunia mawili, nikibembeleza madereva wa watu. Baraza ilinipa mwaka mmoja. Pikapu ingekaa uani kwa Mama Kahindo kama rehani, na kwa kuwa kila wiki nilitakiwa kuifuata ofisi ya bima ili lile fungu lao litoke, nilimwambia natafuta chumba cha kupanga.

“Chumba cha nini?” akasema. “Mutu wa deni hapana lala ku hotel. Utalala hapa. Katungu atakupatia kitanda.”

Katungu alikuwa mkubwa wa watoto wake wanne, msichana wa miaka kumi na sita, mrefu kuliko mama yake, aliyekuwa anasoma sekondari na kutaka kuwa mwalimu wa hesabu. Alinipa kitanda chake bila kununa, akatandika mkeka kwa wadogo zake. Chumba kilikuwa na dirisha dogo la mbao, picha ya Bikira Maria iliyokatwa kwenye kalenda, na ukuta mwembamba uliokitenga na sebule, ukuta wa miti na udongo ambao haukuzuia hata kikohozi. Kila kitu mle kilinuka mihogo, ile harufu kali ya mihogo iliyovundikwa, na siku za mwanzo ilinitapisha. Baada ya mwezi nilikuwa siisikii tena. Leo nikipita sokoni penye unga nasimama, najifanya nauliza bei.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuwa ungo. Kabla hajapata mashine nyingine, Mama Kahindo alikuwa anapeleka mihogo kusagwa mbali, kwenye mashine ya watu, na kuuza unga kwa kopo mbele ya magofu yake. Nilibeba naye, nilichekecha naye, nilipima naye. Alinifundisha kuchanganya mahindi na mihogo mpaka bukari ivutike bila kunata, na kumtambua kwa mkono mwuzaji aliyetia maji mihogo yake ili iwe nzito. Jioni nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kope, na watoto walikuwa wakiniita muzungu wa Masereka. Miezi minne ilipita ndipo bima ikalipa fungu lake. Kwa fedha ile alinunua mashine ndogo iliyokwisha tumiwa, akajenga tena chumba cha mbele pale pale kilipokuwa, akibakiza ukuta mmoja wa pembeni ambao gari halikuugusa. Siku mashine ilipowaka, alichukua kopo la kwanza la unga, akapika, akanipakulia mimi kabla ya wote. Nami, bila gari la kufanyia biashara Butembo, nikabaki pale kuchekecha.

Nataka kueleza ile meza, maana hapo ndipo pana kisu. Tulikula jikoni, kwenye mbao mbili juu ya matofali. Sombe, yaani kisamvu, na mafuta ya mawese, maharage na ndizi, mchicha wa lengalenga, siku nzuri makayabu, samaki wa chumvi. Watoto walikula sahani moja, Mama Kahindo alikula kilichobaki kwenye sufuria. Mimi nilikuwa na sahani yangu, na juu ya bukari yangu daima palikuwa na kipande cha samaki ambacho wengine hawakukipata. Nilipojaribu kukigawa alinizuia mkono. “Kula, Masika. Wewe uko na safari ya bureau kesho.” Baada ya chakula Katungu alisoma hesabu zake kwa sauti, na mimi niliyeacha shule mapema nilimsahihisha kwa kutumia bei za viazi, akacheka, mama yake akacheka, na kulikuwa na jioni nilizosahau kabisa kwamba pale uani kuna gari langu la rehani, na kuku wanataga chini ya kiti cha dereva. Nilimpenda mwanamke yule. Nasema wazi, ili yafuatayo yasieleweke vibaya: nilimpenda kabla, na nilimpenda hata nilipokuwa nafanya nilichofanya.

Ulikuwa mchana wa mvua, mwezi wa nane tangu ajali. Nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda ofisi ya bima kuchukua karatasi fulani, lakini malaria ilinirudisha njiani, nikaingia kwa mlango wa uani, nikajitupa kitandani na kujifunika. Mvua ilipopungua juu ya mabati nikasikia sauti sebuleni. Paluku na Mama Kahindo.

“Na ule binti akijua?” Paluku alikuwa anauliza.

“Akijua, atajua.”

“Kahindo, bwana yako alikuwa bado muzima wakati ba urbanisme balipiga ile alama nyekundu. Fasi ile ni ya barabara. Kama ile chumba haikukuwa pale, gari yake ingeingia mu mufereji, basi. Hangelipa kintu. Na wewe ulijenga tena pale pale!”

“Ningejenga wapi? Mu hewa? Niko na batoto bane. Katungu anabakisha miaka mbili. Mungu anaona.”

“Mungu anaona. Na chokaa inaangukaka.”

Nikasikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe. Kisha Mama Kahindo akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejitetea mbele ya padri: “Mais ninamulishaka vizuri, Paluku. Kila siku ninamupatia kipande cha samaki. Batoto banaangalia tu.”

Jioni ile aliponiletea chakula kitandani, samaki alikuwapo, nikamtafuna akanigeuka mdomoni. Nilikuwa nimedhani ni upendo. Sasa najua ulikuwa upendo na ulikuwa malipo, vyote katika sahani moja, na mtu mzima anaweza kuelewa hivyo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na saba, nikaona tu kwamba nimedanganywa kwa samaki. Nilipopona, asubuhi moja wakati yeye yuko sokoni, nilikwenda kwenye ule ukuta wa pembeni uliobaki, nikakwangua chokaa kwa msumari. Chini yake palikuwa na rangi nyekundu. Nikakwangua kidogo zaidi, nikaona pembe ya ile alama, X ambayo watu wa mipango miji huipiga kwenye ukuta unaotakiwa kuvunjwa. Nikaloweka unga kwa maji, nikapaka pale, ukakauka mweupe.

Nilikaa na jambo hilo wiki nyingi. Niliendelea kuchekecha, niliendelea kupima, nilimwamkia kila asubuhi na akaniitikia. Mara kwa mara nilijiambia yeye ni mjane, wewe una mikono, uza ulicho nacho uanze upya. Pengine ningeshinda. Lakini mwaka ulikuwa unaisha, nikaenda Butembo kutafuta mnunuzi wa kiwanja, na mnunuzi alikuja na kamba. Alikipima huku akipiga mluzi, akachomeka kijiti kwenye kila pembe, akasema hapa nitaweka choo. Palikuwa mahali nilipopanga mlango wa mbele. Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuipata tena. Nilimwambia aondoke na kamba yake, na kesho yake alfajiri nilipanda gari la kwanza la Beni, sikupita nyumbani kwa Mama Kahindo, nikaenda moja kwa moja kwa mkaguzi.

Nilimweleza habari ya alama nyekundu, akanisikiliza bila kunitazama. Alifunga mlango.

“Mama, unajua banafanyaka nini, ba urbanisme, bakipata barua?”

“Ninajua.”

“Banabomoaka.”

“Papa, nilisema ninajua.”

Kwa miaka mingi baadaye nilijiambia kwamba sikujua, kwamba nilidhani wataandika tu barua na deni litapungua. Si kweli. Aliniuliza mara mbili, nikajibu mara mbili. Mkaguzi alivuta karatasi, akawaandikia watu wa mipango miji kwamba katika kupitia upya faili ofisi imegundua chumba kile kimejengwa juu ya ardhi ya barabara, jina langu hakulitia. Alipomaliza alivua koti lake, mara ya kwanza kumwona bila koti, akakaa anatazama dirisha. “Mimi pia niko na mama mujane kwetu,” akasema. Nikatoka.

Walikuja baada ya siku kumi, wanaume watatu wenye nyundo na mmoja mwenye karatasi. Nilikuwa napima kopo la mteja. Mama Kahindo alisoma karatasi polepole, mdomo ukitamka kila neno, akaikunja, akamrudishia. Hakulia, hakubisha. Aliomba wamwache atoe kwanza mabeseni ya watu, na wakamwachia saa moja. Tulitoa mabeseni, yeye na mimi na Katungu, tukatoa mashine kwa kuiburuta juu ya magogo, na mara mbili mkono wangu uligusana na wa kwake juu ya chuma kile. Kisha wakaanza. Chumba ambacho pikapu yangu ilikivunja kwa kishindo kimoja, wao walikivunja kwa mchana mzima, na ilipofika saa tisa Mama Kahindo alimtuma Katungu awapelekee maji ya kunywa. Paluku alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ananitazama. Sikuinua macho.

Jumapili iliyofuata baraza ilikutana. Nilidhani nitaulizwa, nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri. Hakuna aliyeniuliza. Paluku alifungua daftari kwenye ukurasa wangu, akafungua mdomo, na Mama Kahindo akasimama kabla hajasema neno.

“Ule ukuta ulikuwa wa barabara,” akasema. “Nilijua. Bwana yangu alijua. Nilipaka chokaa juu ya alama, nikamuacha huyu mutoto wa watu atie sahihi juu ya kintu hakikukuwa changu. Mwaka muzima anabeba unga wangu. Ile inabakia, mufute. Hana deni.” Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wanaume wote wale, akakunja mikono tumboni. “Masika, unisamehe.”

Hapo ndipo huwa naomba chumvi. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema mama, mimi ndiye niliyepeleka maneno. Ningeweza kusema freni zilikuwa mbovu na nilijua tangu Jumamosi. Yeye alikuwa ananitazama kwa macho mekundu ya mtu asiyelala, anangoja. Nikasema: “Nimekusamehe, mama.” Nilisema kwa sauti nzuri kabisa. Watu wakahema, Paluku akapiga mstari katika daftari, na yeye akanishukuru. Nadhani alijua. Kwa miaka hii yote sikupata hakika, na sikuthubutu kuitafuta.

Siku ya pili nilifukuza kuku, nikamwita fundi atie freni mpya, nikaondoka. Mama Kahindo alinifungia bukari kwenye jani la ndizi, na samaki. Chumba cha nyuma hakikutosha mashine wala wateja, kwa hiyo baada ya muda aliiuza, akanunua shamba upande wa Kamango, akahama na watoto. Kule shule ya sekondari ilikuwa mbali, na mikono ya kulima ilikuwa michache. Katungu aliacha shule akiwa amebakisha miaka miwili. Nilipata habari hizo kwa wauza mihogo, mmoja baada ya mwingine, na kila mara nilisema pole, nikauliza bei. Mimi nilijenga nyumba. Mlango wa mbele uko pale nilipotaka. Noeli mbili tatu niliwapelekea vikwembe, na mara moja nilikutana naye sokoni Beni, amekonda, tukashikana mikono tukaulizana watoto, naye alinisifu kwamba nimenenepa.

Wamemzika Beni, kwa sababu Kamango siku hizi si mahali pa kumlaza mtu kwa amani. Katungu ndiye aliyenipigia simu. Sasa ni mwanamke mwenye mvi mbili tatu, mikono migumu ya jembe, na alinipokea kwa kunikumbatia, akawaonesha wanawe: “Huyu njo Mama Masika, nilimupatiaka kitanda yangu.” Nilikaa na wanawake. Tulisali rozari. Sanduku lilipofika kaburini, kabla ya udongo, Paluku alisogezwa mbele na wajukuu wawili, mzee sana, macho yamefunikwa na ukungu, akauliza lile swali ambalo kwetu huulizwa kila mazishi.

“Mutu mwenye anamudai huyu mama, aseme sasa. Mutu mwenye alikuwa na deni yake, aseme sasa. Kiisha hapa tunafunga.”

Jirani mmoja alisema alikopa jembe, akasamehewa. Mwingine alisema anadai kuku, akaahidiwa kuku. Kisha nikajikuta nimesimama. Sikupanga. Niliona midomo ya watu bila kusikia wanachosema.

“Mimi niko na deni,” nikasema.

Paluku aligeuza kichwa kutafuta sauti. “Nani ule?”

“Masika wa Butembo. Mwaka muzima mama alinilisha mu nyumba yake. Kila siku samaki, batoto bake banaangalia. Na mimi…” Nilikuwa na maneno yote, yalikuwa yamekaa tayari kwa miaka ishirini na zaidi, na hakuna hata moja lililotoka. Machozi ndiyo yaliyotoka. “Na mimi sikumulipa,” nikasema.

Mnong'ono ulipita kati ya wanawake, mnong'ono mtamu, ule wa watu walioguswa. Katungu alikuja mbio, akanishika mabega, na yeye analia. “Ah, Mama Masika! Deni ya chakula hatunaka ku kwetu. Tumekusamehe. Sisi wote, tumekusamehe.” Watu wakapiga makofi. Paluku akatikisa kichwa chake kipofu, akasema batu kama hawa habako tena, na mtu akaanzisha wimbo. Udongo ukaanza kuingia. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu aliniinamia, akanifuta uso kwa ncha ya kikwembe chake, akaniambia nimesema vizuri.